Kona ya Ukulele: Kordi tatu, na mkono wa kulia usiotaka kunyamaza

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja. Karibu kila mwandishi anataka kupiga wimbo uleule wa rege, na kila mmoja amekwama mahali pake. Tumezipanga kuanzia kuutambua wimbo wenyewe hadi nyuzi za kuupigia.

Natafuta kordi za wimbo wa Bob Marley uitwao Don't Worry, Be Happy, ule wenye ndege watatu mlangoni. Kila ninachopata mtandaoni hakifanani na ninachokisikia. Kosa ni langu au ni lao?
*Msomaji, Mwanza*

Umeunganisha nyimbo mbili, na hauko peke yako. Faili zenye jina la Marley juu ya wimbo huo zimezunguka kwenye simu tangu enzi za kurushiana nyimbo kwa Bluetooth. Don't Worry, Be Happy ni wa Bobby McFerrin, Mmarekani, na ulitoka 1988. Marley alishafariki Mei 1981. Ukiusikiliza vizuri utagundua kwamba wimbo wa McFerrin hauna hata chombo kimoja, ni sauti tupu zilizopangwa juu ya sauti.

Wenye ndege watatu unaitwa Three Little Birds, na umo kwenye albamu ya Exodus ya 1977, ambayo Marley aliitoa akiwa London baada ya kuhama Jamaika alikopigwa risasi Desemba 1976. Jina lake linatajwa ndani ya ubeti, halimo kwenye kiitikio ambacho watu wote wanakikumbuka. Ndiyo maana wanaoutafuta kwa maneno ya kiitikio, "don't worry", wanaangukia kwingine.

Basi nipeni kordi zake na mpangilio, tafadhali. Nina ukulele ya soprano, ile ndogo, na wiki mbili za mazoezi.
*Msomaji, Morogoro*

Tunaandika namba nne, moja kwa kila uzi, kwa mpangilio wa G, C, E, A. G ndio uzi ulio karibu na uso wako unapoishika ukulele. Namba inaonyesha freti ya kubonyeza, yaani nafasi kati ya vyuma vya shingoni ukihesabu kutoka kichwani, na 0 ni uzi wazi, usiobonyezwa.

A: 2100
D: 2220
E7: 1202

Rekodi iko kwenye ufunguo wa A, kwa hiyo ukishika hivi unaweza kupiga pamoja nayo bila kubadilisha chochote. Kordi ya tatu kwa haki ni E, lakini E ya ukulele, 4442, inawavunja moyo wanaoanza. E7 inakaa vizuri mahali pake na hakuna msikilizaji atakayelalamika.

Kila kipimo kina mapigo manne, na mwendo ni takriban mapigo 75 kwa dakika. Kiitikio ni vipimo vinne: A, A, D, A. Vinarudiwa, jumla vinane. Ubeti nao una vinane: A, E7, A, D, kisha A, E7, D, A.

Angalia mwisho wa ubeti. Baada ya E7 ya pili sikio linataka kurudi nyumbani kwenye A moja kwa moja, kwa sababu ndivyo nyimbo nyingi tulizokua nazo zinavyofanya. Hapa unapitia D kwanza. Ukiiruka D utajikuta umemaliza ubeti kipimo kizima kabla ya maneno kuisha, na utafikiri umekosea mwendo.

Vidole: shika A kwa kidole cha kati kwenye uzi wa G, freti ya pili, na cha shahada kwenye uzi wa C, freti ya kwanza. Ukienda D, kidole cha kati usikiinue. Kiko mahali pake tayari. Inua cha shahada tu, weka cha pete kwenye C na cha mwisho kwenye E, vyote freti ya pili. Vitabu vingi huonyesha D kwa vidole vya shahada, kati na pete. Ni sahihi, lakini kwa wimbo huu inakulazimu kuhamisha mkono mzima bure. Vidole vikiwa vinene mno kwa freti ya soprano, lala na kidole kimoja juu ya nyuzi zote nne, 2222. Hiyo ni D6, tamu kidogo kuliko D, na inapita.

Kazi iko A kwenda E7. Cha shahada kinatoka uzi wa C kwenda G bila kuacha freti ya kwanza, cha kati kinatoka G kwenda C bila kuacha freti ya pili. Yaani vinabadilishana nyuzi, na cha pete kinashukia uzi wa A, freti ya pili. Fanya mabadiliko haya peke yake, polepole, bila kucharaza: shika, achia, shika, achia. Pima kwa saa ya simu. Ukifikisha mabadiliko 30 safi ndani ya dakika moja, mwendo wa wimbo hautakusumbua.

Kordi ninazo, mabadiliko ninayo, lakini nikipiga inasikika kama wimbo wa watoto wa Sunday school. Wapi rege?
*Msomaji, Mombasa*

Rege iko mkono wa kulia, na zaidi iko kwenye kunyamaza. Hili ndilo somo lenyewe la wimbo huu, kwa hiyo tutakaa hapa.

Unapiga chini-juu-chini-juu mfululizo, bila shaka. Achana nako. Hesabu kwa sauti: moja na, mbili na, tatu na, nne na. Ukiona ndimi zinagongana, fupisha: mo-na-mbi-na-ta-na-nne-na. Mguu unagonga kwenye namba. Mkono unapiga kwenye "na" peke yake. Mapigo manne mafupi kwa kila kipimo, na kwenye namba hakuna sauti yoyote ya ukulele.

Wengine hupiga "na" kwa kwenda juu. Sisi tunapendekeza chini: mkono unapanda kimya kwenye namba, unashuka kwenye "na". Pigo la chini linagusa nyuzi zote kwa nguvu moja, na kwa mwendo wa 75 nafasi ya kupanda na kushuka ipo tele.

Anza bila kordi. Laza vidole vya kushoto juu ya nyuzi bila kuzibonyeza, zisitoe noti, zitoe "chk" tu. Weka mashine ya kuhesabu mapigo ya kwenye simu kwenye 60, gonga mguu pamoja nayo, piga "na". Dakika tatu. Kisha 70, kisha 75. Kitakachotokea ni kwamba baada ya muda mkono utateleza na kuanza kupiga pamoja na mguu, hasa ukianza kuimba, maana mwili unapenda viungo vyote viangukie mahali pamoja. Ukiteleza, usijaribu kujirekebisha ukiwa njiani. Simama, hesabu kipimo kimoja kitupu, ingia upya.

Ukipiga na rekodi kuna mtego mwingine. Ngoma kubwa ya wimbo huu haigongi kwenye moja kama muziki mwingi wa dansi. Pigo zito linaanguka kwenye mbili na kwenye nne. Ukiichukua ngoma kuwa ndiyo moja, utakuwa umegeuza wimbo mzima na kordi zitabadilika mahali usipozitarajia.

Sasa kunyamaza. Mpiga gitaa wa rege hukata sauti kwa kulegeza mkono wa kushoto. Wewe ukifanya hivyo ukiwa na 2100, nyuzi za E na A ziko wazi, hakuna kidole cha kuzizima, nazo zinaendelea kulia. Huo mlio unaobaki ndio unaokupa Sunday school. Njia ya kwanza ya kuuzima ni ubavu wa kiganja cha kulia: mara tu kucha zinapomaliza uzi wa mwisho, kiganja kinaangukia nyuzi. Pigo na kuzima ni tendo moja. Ya pili ni kulaza kidole cha mwisho cha kushoto juu ya nyuzi zote baada ya kila pigo. Ni rahisi kwenye A, lakini kwenye D tuliyoieleza kidole hicho kina kazi.

Ya tatu ndiyo bora, na ndiyo ngumu: shika kordi zisizo na uzi wazi.

D: 2225
E: 4447
A: 6454

D na E ni umbo moja. Cha shahada kinalala freti ya pili kwa nyuzi zote, cha mwisho kinabonyeza uzi wa A freti ya tano, halafu mkono mzima unasogea freti mbili mbele na tayari uko E. Kwa A, cha shahada kinalala freti ya nne, cha kati kiko uzi wa E freti ya tano, cha pete uzi wa G freti ya sita. Kwa maumbo haya unabonyeza kwenye "na", unalegeza kwenye namba bila kuinua vidole, na nyuzi zinanyamaza zenyewe. Umbali kutoka freti ya pili hadi ya tano ni kama sentimita 5 kwenye soprano na 6 kwenye tenori, ukulele kubwa zaidi. Mwenye mkono mdogo asijilazimishe kwenye tenori mpaka kiungo kiume.

Faida nyingine ya kupiga "na" peke yake: mabadiliko ya kordi yanafanyika kwenye namba, wakati ukulele iko kimya. Kwa mwendo wa 75 una sehemu 4 za 10 za sekunde kuhama bila mtu kusikia. Ukiona huwezi kuhama kwa muda huo, punguza mwendo hadi 60. Usirefushe kimya.

Napiga gitaa kwaya ya kanisani miaka mingi. Lazima nianze upya na ukulele?
*Msomaji, Nairobi*

Hapana. Nyuzi nne za ukulele zinapishana kama nyuzi nne nyembamba za gitaa, ila sauti iko juu kwa umbali wa freti tano. Shika unavyoshika E ya gitaa, ukiacha nyuzi mbili nene: unapata A ya ukulele. Umbo la A linakupa D, na la B7 linakupa E7. Kwa hiyo wimbo huu unaupiga vidole vikidhani viko ufunguo wa E.

Kitakachokukwaza ni uzi wa G. Kwenye ukulele ya kawaida uko juu, haushuki chini kama uzi wa D wa gitaa. Hakuna besi ya kutembeza kwa gumba. Wapiga gitaa wengi hulitafuta besi hilo wiki nzima, halafu wanasema ukulele ni mbovu.

Nikiimba kwenye A sauti inanikatika kwenye kiitikio. Nifanye nini?
*Msomaji, Arusha*

Hamisha ufunguo. Kushuka toni moja hadi G: badala ya A weka G (0232), badala ya D weka C (0003), badala ya E7 weka D (2220). Kupanda hadi C: badala ya A weka C (0003), badala ya D weka F (2010), badala ya E7 weka G (0232). Mpangilio wa vipimo haubadiliki. Imba kiitikio bila chombo kwanza, pale sauti inapokaa yenyewe, kisha jaribu kordi ya kwanza ya kila ufunguo uone ipi inakubaliana nawe. Kupiga pamoja na rekodi hutaweza tena.

Uzi wa G umekatika mara mbili nikiutyuni kwa programu ya simu, na zilizobaki hazikai sawa hata dakika mbili.
*Msomaji, Kigoma*

Programu inakuonyesha herufi G, lakini nyingi hazikuonyeshi ni G ya ngazi gani. Uzi ulikuwa umepita kidogo, ukaisaka G kwa kukaza zaidi badala ya kurudi nyuma, na kabla ya kufika G ya ngazi ya juu uzi ukaachia. Kama umeimba kwaya, tumia noti: uzi wa C ni do, wa E ni mi, wa A ni la, na wa G ni so ya hapohapo kati ya mi na la. Si so ya chini ya do, wala ya ngazi inayofuata. Ukiimba so sahihi hutahitaji kukisia.

Nyuzi mpya za nailoni zinavutika kwa siku kadhaa, hilo si ugonjwa. Vuta kila uzi taratibu kwa kidole, kama sentimita moja kutoka kwenye shingo, juu ya freti ya 12, kisha tyuni tena. Rudia mara nne au tano. Malizia kila mara kwa kukaza kutoka chini kwenda juu. Ukiufikia mwinuko sahihi kwa kulegeza, uzi utaendelea kulegea. Hakikisha pia uzi umezunguka kigingi mara mbili au tatu, na kama vigingi ni vile vya skrubu mgongoni, kaza skrubu robo mzunguko.

Nimetyuni vizuri, nyuzi wazi zinalia sawa, lakini nikishika A inasikika kama imechacha.
*Msomaji, Zanzibar*

Kwenye 2100 kuna kidole freti ya kwanza, na hapo ndipo ukulele za bei ya chini zinapojulikana. Kile kipande chenye mikato minne, pale shingo inapokutana na kichwa, huwa kimeachwa juu mno kiwandani. Ukibonyeza freti ya kwanza uzi unasafiri mbali kabla ya kugusa chuma, unavutika, na noti inapanda.

Pima hivi. Bonyeza uzi wa C freti ya tatu, kisha tazama nafasi kati ya uzi na chuma cha freti ya kwanza. Inatakiwa ipite karatasi moja tu. Kadi ya benki ikipita, umepata jibu. Fundi wa magitaa anachimba mikato kwa tupa nyembamba, kidogo kidogo, akipima kila mara. Usijaribu kwa kisu cha jikoni: mkato ukizidi, uzi wazi utakoroma, na dawa yake ni kubadilisha kipande kizima.

Ukisubiri fundi, piga kwenye G. Tazama tena 0232, 0003 na 2220: hakuna kidole hata kimoja freti ya kwanza.

Nafuata video kidole kwa kidole, A, D, E7, lakini nikiweka pamoja na rekodi ni vurugu. Ukulele yangu ni kubwa kuliko ya kwenye video.
*Msomaji, Kampala*

Una baritoni. Hiyo hufungwa nyuzi za D, G, B, E, sawa na nyuzi nne nyembamba za gitaa, kwa hiyo 2100 inakupa E wakati rekodi iko A. Shika A kwa 2220, D kwa 0232, E7 kwa 0100, na vurugu itakwisha. Usizikaze nyuzi za baritoni hadi G, C, E, A. Zitakatika, au zitang'oa daraja, kile kipande cha tumboni zinapofungwa.

Natumia mkono wa kushoto. Nigeuze nyuzi?
*Msomaji, Dodoma*

Ndiyo. Unene wa G na A unakaribiana, hivyo mikato yake mara nyingi inakubali kubadilishana bila kazi. C ni nene kuliko E, na mkato wa upande wa E unaweza kuhitaji kupanuliwa kidogo na fundi.

Nyuzi za ukulele huku kwetu ni za kuagiza. Naweza kufunga mshipi wa kuvulia?
*Msomaji, Lamu*

Unaweza, na wapo wapigaji wanaoupendelea kuliko nyuzi za dukani, mradi uwe wa fluorokaboni. Soma kibandiko cha kigurudumu: nailoni ya kawaida ni nyepesi, inavutika zaidi na sauti yake imefubaa. Fluorokaboni ni nzito kuliko nailoni, ndiyo maana wavuvi wanaipenda kwa kuzama, na ndiyo maana uzi mwembamba wake unatoa noti ileile kwa sauti angavu zaidi. Mshipi wa kusuka usiuguse, unakula freti. Nyuzi za chuma za gitaa ndizo hatari kabisa, mvuto wake unang'oa daraja tumboni.

Usinunue kwa kuangalia uzito wa samaki, angalia unene kwa milimita. Kwa soprano au konseti, ile inayoifuata kwa ukubwa: A kama 0.50 hadi 0.55, E karibu 0.65, C 0.75 hadi 0.80, na G 0.55 hadi 0.60. Ukipata saizi mbili tu, 0.55 inafaa A na G, nyingine ya 0.70 funga kwa E na C. E itakuwa ngumu kidogo kidoleni na C legevu kidogo, lakini vinapigika. Kata kila uzi sentimita 65, loweka fundo kwa mate kabla ya kulikaza kwenye daraja, maana fluorokaboni inateleza, na acha mkia wa sentimita moja usiukate mpaka siku ya pili.